Chini ya Shina la Mharage

Maharage yakianza kupauka wiki ya tatu tangu yachipue, watu wengi hukimbilia majani. Huyageuza, hutafuta wadudu upande wa chini, hawaoni kitu, kisha huenda duka la pembejeo kununua dawa ya kupuliza. Dawa inapulizwa, majani yanazidi kuwa ya manjano, na mwezi ukiisha mistari imejaa mapengo. Mwenye shamba hubaki akisema mbegu ilikuwa mbovu, au mvua ilikatika vibaya. Mara nyingi si mbegu wala mvua. Muuaji hakuwa kwenye majani siku ile dawa ilipopulizwa. Alikuwa pale shina linapozama ardhini, au chini zaidi ya hapo.

Sura hii ni ya hao wakaao chini: mabuu, kuvu, minyoo na mbawakavu wanaolishambulia harage gizani, na viumbe wengine wanaoishi humohumo udongoni ambao kazi yao ni kuwala hao wa kwanza. Lipo jambo moja ninalolitetea tangu mwanzo hadi mwisho. Mbolea ni kinga kama ilivyo chakula, na hao viumbe rafiki, hata ukiwanunua kwa bei kubwa, hawafanyi kazi kwenye udongo wenye njaa. Mkulima hufundishwa mbolea siku moja na wadudu siku nyingine, tena na watu tofauti. Shambani mambo hayo mawili hayatengani, na maharage yanaonyesha hivyo kuliko zao lolote ninalolijua.

Afisa ugani anayeijua kazi yake haanzi na majani. Akifika kwenye shamba lililopauka huko Hai au Lushoto, humwambia mwenyeji: "Mama, huo uliokwisha kufa tuuache. Nichimbulie huu unaoanza kunyauka, utoke na mizizi yake yote." Mche uliokufa siku nyingi hauna ushahidi, wadudu wameshatoka. Unaoanza kunyauka bado una wageni ndani. Udongo unakung'utwa polepole, kisha shina linatazamwa pale linapokutana na ardhi. Kama limevimba na kupasuka kwa urefu, ukucha unatosha kulibandua gome. Chini ya gome kuna njia nyeusi iliyooza, na ndani ya njia hiyo vimelala vitu vidogo vyenye umbo la pipa, urefu wa milimita 2 au 3, vya kahawia au vyeusi. Hao ni pupa wa inzi wa maharage.

Inzi mwenyewe ni mweusi, anang'aa, ana urefu wa milimita 2 hivi, na ni mara chache mtu humwona. Mche unapochomoza tu, hutua kwenye majani mawili ya mwanzo na kuyatoboa vitundu vingi vinavyobaki kama madoa meupe. Katika baadhi ya vitundu hivyo huacha yai. Buu likianguliwa hupita ndani ya mshipa wa jani, hushuka kwenye kikonyo, huingia shinani, na huendelea kushuka chini ya gome mpaka karibu na ardhi. Huko ndiko linakogeuka pupa. Kutoka yai hadi inzi mpya huchukua kama wiki tatu penye joto, na zaidi kwenye baridi ya milimani. Katika Afrika Mashariki wanajulikana wa aina tatu, na rangi ya pupa humsaidia mtu kuwatambua wawili walio muhimu zaidi. Ophiomyia phaseoli ana pupa wa kahawia na hupendelea maeneo yenye joto kiasi. Ophiomyia spencerella ana pupa mweusi anayeng'aa, na huyu ndiye anayewatesa zaidi wakulima wa nyanda za juu. Spishi hii ya pili ilielezwa kisayansi mwaka 1969 na D. J. Greathead, mtafiti aliyefanya kazi Uganda, katika uchunguzi wake juu ya inzi wa maharage na maadui zao.

Maadui hao ndio sehemu ya hadithi inayostahili kujulikana na kila anayepanda maharage. Greathead alichunguza ni nini kinachomla inzi huyu kwao, akakuta nyigu wadogo sana, wadogo kama inzi mwenyewe. Nyigu jike hulitafuta buu ndani ya shina na kuliwekea yai mwilini. Buu halifi papo hapo. Huendelea kula, hugeuka pupa, lakini kinachotoka ndani ya pupa siku ya mwisho ni nyigu, si inzi. Mwaka 1968 inzi wa maharage aliingia visiwa vya Hawaii, ambako hakuwa na adui wa kumpunguza, akayaharibu mashamba. Mwaka uliofuata, 1969, wataalamu wa huko walichukua nyigu wa aina mbili kutoka Uganda, Opius phaseoli na Opius importatus, wakawaachia Hawaii. Nyigu hao walistawi na inzi akapungua sana. Viumbe waliokuwa wakiishi kimya kwenye maharage ya Uganda wakawa msaada kwa wakulima wa bahari ya Pasifiki.

Swali linakuja lenyewe: kama nyigu hao ni wa kwetu, kwa nini maharage yetu bado yanakufa? Jibu ndilo mzizi wa sura hii. Nyigu hamwokoi mche ulioingiliwa. Anapoliwekea buu yai, buu limeshaingia, na litaendelea kuchimba mpaka liwe pupa. Anachokifanya nyigu ni kupunguza inzi wa kizazi kijacho. Huo ni msaada mkubwa kwa kijiji kizima na kwa msimu unaofuata, lakini mche wa leo unahitaji namna nyingine ya kuvuka. Namna hiyo ni nguvu yake wenyewe, na nguvu hiyo inatoka kwenye udongo uliolishwa.

Harage lililochimbwa shinani hujaribu kujiokoa kwa kutoa mizizi mipya juu ya jeraha. Ukiutazama mche uliopona utaiona mizizi hiyo, myeupe na mingi, imetoka pale shina lilipovimba. Lakini mizizi hiyo inahitaji mambo mawili: akiba ya chakula ndani ya mche ili iweze kuota, na udongo wenye unyevu pale inapotokea. Mche uliopandwa kwenye udongo uliochoka, uliolimwa mahindi na maharage kila msimu bila samadi, hauna akiba hiyo. Mche uliopata samadi iliyoiva au mbolea ya kupandia unayo. Mabuu huweza kuwa mengi sawasawa katika yote miwili, kwa sababu mbolea haimfukuzi inzi. Tofauti ni kwamba mmoja hufa na mwingine huzaa.

Kwa hiyo kazi ya palizi ya kwanza si kuondoa magugu peke yake. Wiki ya pili au ya tatu baada ya kuchipua, udongo upandishiwe kwenye shina, ufunike pale mahali pa kuvimba, na kama yapo matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba yalazwe kati ya mistari ili unyevu usikimbie. Hakuna kinachonunuliwa hapo. Nimewaona wakulima wakipuuza jambo hili kwa sababu ni la bure na halina kopo wala lebo, na naliona ni hasara kubwa, maana kwa mkulima mdogo hakuna hatua moja yenye faida zaidi dhidi ya inzi huyu, ikifuatiwa na kupanda mapema mvua zinapoanza. Anayechelewa hupanda wakati inzi wa mashamba ya jirani wameshazaliana, wote wanaelekea kwake.

Dawa nazo zina historia yake. Kwa muda mrefu mbegu za maharage zilivishwa endosulfani ili kumzuia inzi huyu, na ilifanya kazi. Mwaka 2011 sumu hiyo iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa duniani kwa madhara yake kwa watu na viumbe. Nafasi yake ikachukuliwa na imidakloprid, ambayo nayo Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2018 kutumika mashamba ya wazi kwa ajili ya nyuki. Kuivisha mbegu dawa ni afadhali kuliko kupuliza shamba zima, maana kiasi ni kidogo na nyigu hawanyweshwi sumu wakiwa hewani. Lakini anayepuliza wiki ya tatu, buu likiwa ndani ya shina, anamkosa inzi na kumuua nyigu. Analipa fedha ili msimu ujao uwe mbaya zaidi.

Mbolea gani, basi, na kwa kiasi gani? Harage ni zao la jamii ya mikunde, linatengeneza sehemu ya nitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wa mizizini, lakini katika jamii hiyo si hodari. Kunde na soya hulizidi. Linalolikwamisha zaidi katika udongo wetu mwingi ni fosforasi. Bila fosforasi mizizi ni mifupi, na bakteria wenyewe hawawezi kazi yao. Mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfati, na kwa ekari moja ya maharage hicho ni kipimo kinachojulikana na wengi. Kizibo cha soda kwa shimo ni njia nzuri ya kugawa, mradi mbolea ifunikwe kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu, kwani chumvi ya mbolea ikigusana na mbegu huiunguza, na mbegu iliyoungua ni mlango wa kuvu. Fosfati ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ni chaguo zuri penye udongo wenye tindikali, kwa sababu tindikali hiyo ndiyo inayoiyeyusha. Kwenye udongo usio na tindikali itabaki ardhini bila kuyafikia maharage ya msimu huo. Anayeimwaga popote bila kujua udongo wake hupoteza.

Urea nyingi kwenye maharage siipendekezi. Nitrojeni ikiwa tele mche hauwaiti bakteria wake, na majani huwa laini, mengi, yenye kutamanisha kila mdudu.

Mizizi inayooza

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, maharage yalianza kufa kwa wingi magharibi mwa Kenya, hasa Kakamega na Vihiga. Miche ilichipua, ikadumaa, ikawa ya manjano, ikaanguka. Hapakuwa na pupa chini ya gome. Kulikuwa na mizizi iliyooza, mingine yenye michirizi myekundu inayogeuka kahawia, ambayo ni kazi ya kuvu aina ya Fusarium, mingine yenye kuoza kwa majimaji, ambayo ni kazi ya Pythium. Familia nyingi ziliacha kupanda maharage, zao lililokuwa chakula cha kila siku. Hali hiyohiyo iliwafika watu wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na wa Rwanda.

Maeneo haya yana jambo moja linalofanana: watu wengi, mashamba madogo, na maharage yanayorudiwa palepale misimu miwili kila mwaka. Kuvu hawa hawakuletwa na mtu. Wamo udongoni sikuzote. Kilichobadilika ni kwamba walilishwa maharage bila kupumzishwa, huku udongo ukipungukiwa mboji, fosforasi na viumbe wale wanaowazuia. Ugonjwa ulikuwa dalili ya udongo uliochoka, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoueleza kama bahati mbaya ya hali ya hewa.

Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha KARI Kakamega, wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha CIAT, walitafuta mbegu zinazostahimili. Zilizopatikana ni KK8, KK15 na KK22. KK15, yenye punje nyeusi, ilitokana na mbegu ya Mulungu huko Kivu, Kongo. KK22 ilitokana na mbegu ya Rwanda. Wengi hawakuipenda rangi nyeusi mwanzoni, lakini mbegu inayosimama penye kuoza hujitetea yenyewe. Pamoja na mbegu, wakulima walirudisha majani udongoni. Alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano inayojiotea kando ya barabara kote katika eneo la maziwa makuu, ina nitrojeni asilimia 3.5 hivi na potasiamu asilimia 4 katika majani makavu. Ikikatwakatwa na kufukiwa huoza haraka na kuamsha viumbe wengi wa udongoni, wakiwemo washindani wa kuvu mbaya. Fosforasi yake ni ndogo, kwa hiyo haitoshi peke yake.

Lipo kosa linalofanyika kwa nia njema. Majani mabichi yakifukiwa leo na maharage yakapandwa kesho, Pythium hufurahi kabla ya wengine, kwa kuwa ndiye mwenye mbio kuliko wote kwenye mabaki mabichi. Zipite wiki mbili au tatu kwanza. Samadi mbichi nayo ina madhara yake: huvuta mbawakavu wanaotaga humo, na funza weupe wanaotoka kwenye mayai hayo hula mizizi. Samadi iive mpaka ipoteze harufu na joto, ndipo iingie shambani.

Mahali hapa ndipo kuvu rafiki anapoingia. Mwaka 1932 Richard Weindling alieleza jinsi kuvu aina ya Trichoderma anavyowashambulia kuvu wenzake udongoni. Nyuzi zake huzizunguka nyuzi za adui, hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kuta zake, kisha hunyonya kilichomo. Pia huizunguka mizizi ya mmea na kuiwahi nafasi kabla ya Fusarium kufika. Leo Trichoderma huuzwa kama unga wa kupaka kwenye mbegu au kuchanganya na mboji, na ukungu wake wa kijani mtu yeyote anaweza kuutambua akishauona mara moja. Lakini huyu ni kiumbe hai. Pakiti iliyoachwa juani dirishani mwa duka miezi sita ni unga tu. Tarehe iangaliwe, na muuzaji aulizwe anaihifadhi wapi. Mbegu iliyokwisha kuvishwa dawa ya kuua kuvu isipakwe Trichoderma, maana dawa haibagui kuvu mbaya na mzuri. Dawa nyingi za namna hiyo huwadhuru pia bakteria wa mizizini, na anayenunua chanjo ya bakteria hao, kisha akaipaka juu ya mbegu yenye dawa, anatupa fedha zake.

Njia ninayoiamini zaidi kwa mkulima mdogo ni kuipitisha Trichoderma kwenye mboji. Mboji iliyopoa, yenye unyevu wa kubanana mkononi bila kuchuruzika, inachanganywa na unga huo, inafunikwa kivulini wiki moja au mbili, kisha inawekwa kwenye shimo la kupandia. Kuvu anaingia shambani akiwa amezaliana na ana chakula chake. Akimwagwa peke yake kwenye udongo mkavu usio na mboji atakufa, na mkulima atasema tiba za asili ni uongo.

Vinundu na vifundo

Chimbua harage la wiki ya tano au sita na uoshe mizizi ndani ya ndoo ya maji. Utaona uvimbe. Wakulima wengi wakiuona huogopa, na wengine hufurahi, na wote wanaweza kuwa wamekosea. Vinundu vya bakteria wazuri hukaa ubavuni mwa mzizi, vya mviringo, na ukivisukuma kwa kidole hubanduka. Kipasue kimoja: kama ndani ni chekundu cha waridi, kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Vifundo vya minyoo fundo ni tofauti kabisa. Hapo mzizi wenyewe ndio uliovimba, hakuna kitu cha kubandua. Ukilazimisha, mzizi unakatika. Ndani yake mnyoo jike, asiyeonekana kwa macho matupu, anaishi maisha yake yote akinyonya, na hutaga mamia ya mayai ndani ya ute.

Minyoo hawa hupenda udongo wa kichanga wenye joto, na hupenda nyanya na bamia kama wanavyopenda maharage. Kupanda maharage baada ya nyanya ukidhani umebadilisha zao ni kuwahamishia karamu. Mahindi nayo hayawamalizi wote. Kinachowapunguza kwa uhakika ni marejea, mmea wa jamii ya mikunde unaoitwa kitaalamu Crotalaria ochroleuca, ambao kwa baadhi ya watu wa magharibi mwa Kenya ni mboga inayojulikana kama mitoo. Minyoo huingia kwenye mizizi ya marejea lakini hushindwa kukua na kuzaa humo. Miaka ya 1980 Padri Gerold Rupper wa misheni ya Peramiho, mkoani Ruvuma, aliufanya mmea huu ujulikane kwa wakulima wengi wa kusini mwa Tanzania, akiuhimiza kama mbolea ya kijani, kizuizi cha magugu na kinga dhidi ya wadudu. Marejea ikifukiwa inapoanza kutoa maua, udongo hupata nitrojeni na minyoo hupungua kwa kazi moja. Sijui kwa nini mmea wenye manufaa mawili ya namna hii hauonekani katika kila kijiji chenye maharage. Mashudu ya mwarobaini yakichanganywa na udongo wa shimo husaidia pia, penye kuyapata.

Wanaokata na wanaotafuna

Sota hukata mche usawa wa ardhi usiku na kujificha mchana. Asubuhi ukikuta mche umelala kama uliokatwa kwa kisu, fukua kwa kidole udongo uliouzunguka. Utampata amejikunja, mnene, wa kijivu. Mara nyingi kumwokota kwa mkono kunatosha, na kulima wiki mbili au tatu kabla ya kupanda humnyima magugu anayoyala utotoni. Funza weupe ni wazito zaidi, wanakaa chini, wanakula mizizi kwa miezi, na hapo ndipo viumbe wa kununua au wa kufugwa wanapopata kazi ya kweli.

Wa kwanza ni kuvu Metarhizium. Mwaka 1879 huko Odessa, Elie Metchnikoff, yuleyule aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, aliwajaribishia kuvu huyu mbawakavu waharibifu wa ngano. Chembe ya kuvu hunata kwenye ngozi ya mdudu, hutoboa, hukua ndani, na mdudu hufa akiwa mgumu, kisha hufunikwa na unga wa kijani. Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kimefanya kazi kwa miaka mingi na kuvu wa jamii hii, na baadhi ya aina zilizochaguliwa huko zimefika sokoni dhidi ya wadudu mbalimbali.

Wa pili ni minyoo rafiki, ambao wasichanganywe na minyoo fundo. Hawaigusi mimea. Humtafuta buu udongoni, huingia kwa mdomo au tundu lolote, na kuachia bakteria wanaowabeba tumboni. Buu hufa katika siku moja au mbili. Akiuawa na minyoo wa jamii ya Heterorhabditis, maiti yake huwa nyekundu kama tofali. Ni alama unayoweza kuiona mwenyewe ukifukua. Mmoja wa jamii nyingine ya minyoo hawa, Steinernema karii, aligunduliwa Kenya na kuelezwa mwaka 1997. Maana ya hilo ni kwamba udongo wetu tayari unao walinzi waliozoea joto letu. Minyoo hawa huuawa na jua na ukavu, hivyo huwekwa jioni, udongo ukiwa umelowa, na hudumu zaidi penye matandazo na mboji. Tunarudi palepale kwenye udongo uliolishwa.

Anayebaki ni mbawakavu wa majani ya maharage, Ootheca, ambaye amewasumbua sana wakulima wa Hai, Arumeru na Lushoto. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba huja na mvua, kwa kuwa mvua za kwanza zikinyesha hutokea kwa maelfu na kuyatoboa majani machanga. Ukweli ulionekana wakulima na watafiti walipochimba pamoja: mabuu yake hula mizizi na vinundu vya maharage msimu mzima, huwa pupa humohumo, na wakubwa hulala ardhini kiangazi chote, chini ya shamba lilelile, wakingoja mvua. Hawakuwa wakija. Walikuwapo.

Ukishalijua hilo, kazi inahamia mwezi ambao wengi wamepumzika. Baada ya kuvuna, shamba lilimwe mapema wakati jua ni kali, ili waliolala watupwe juu wakauke au waliwe na kuku na ndege. Najua ushauri huu unagongana na wa kutogeuza udongo, ambao una sababu zake nzuri. Kwa hiyo silimi penye kila harage. Kwanza chimba mashimo machache kwa kina cha jembe, palepale mistari ya maharage ilipokuwa, na upepete udongo juu ya gunia. Usipokuta mbawakavu, liache na matandazo yake. Ukiwakuta katika mashimo mengi, lima, na masika yakija panda mahindi hapo. Maharage yahamishiwe kipande ambacho hakikuwa na maharage mwaka uliopita, mbali kadiri eneo linavyoruhusu, samadi iliyoiva ikiwa tayari imewekwa mashimoni kabla ya mvua ya kwanza.